Moto Nyuma ya Boma

Inspekta Warfa alipiga goti kwenye majivu, akamgeuza mzee Nunow taratibu, akamfungua mdomo kwa kidole. Ndani mlikuwa safi. Ulimi ulikuwa na rangi yake, na puani hamkuwa na hata chembe ya masizi.

"Sajini, andika," alisema. "Marehemu hakuvuta moshi. Moto ulimkuta ameshakata roho."

Kisogoni mfupa ulikuwa umebonyea ndani. Pigo lilikuwa moja, la chuma kizito, na limetoka nyuma. Warfa alimfunika mzee kwa shuka, akasimama na kuyapangusa magoti yake. Alikuwa mzaliwa wa Buna, mtoto wa wafugaji, na mwaka ule wa 1967 alikuwa amekwisha kuzika wazee wengi kuliko alivyotaka.

Bwana DO, ofisa aliyetumwa kutoka bara kusimamia tarafa ile, hakushuka kwenye Land Rover yake. Aliita kutoka dirishani.

"Shifta, Inspekta. Nani mwingine anachoma nyasi huku? Nimekwisha kutoa amri. Mifugo yote ya kijiji hiki ikusanywe. Kesho asubuhi inaswagwa kwenda Garissa."

"Bwana, bado sijachunguza."

"Chunguza. Ukiniletea mtu kabla ya kesho, nitakusikiliza."

Dirisha likapandishwa. Ndiyo sheria ya vita hivi vya serikali na shifta, waasi waliotaka kujitenga: kosa likikosa mwenyewe, wanatozwa watu wote walio karibu. Kijiji kikipoteza ngamia na mbuzi wake katika kiangazi cha jilaal, kimepoteza maziwa, na watoto ndio wangeanza kufa. Hilo bwana mkubwa alilijua, ila halikumkosesha usingizi.

Kijiji chenyewe hakikujengwa hapo kwa hiari ya mtu. Serikali ndiyo iliyowakusanya watu kutoka malishoni, ikawaweka nje kidogo ya Habaswein, ikawazungushia boma la miiba mikavu lenye lango moja, na lango likatiwa kufuli ili shifta wasipate chakula wala habari. Nje ya miiba zilisimama nyasi za kinamasi cha Lorian, ndefu hadi kifuani, zimekauka kabisa. Mtu mwenye akili timamu hamfungii hata mbuzi mahali kama hapo.

Wazee waliiona hatari mapema. Walikaa kikao, wakaunda kamati ya moto, na Nunow akawa mwenyekiti. Walichora mchangani boma, upepo, visima, na ukanda mpana uliotakiwa kukwanguliwa nyasi zote pande zote nne, ili moto ukifika ukose cha kula. Ukanda huo waliuita mkuza. Wakaomba msaada kwa adabu zote. Na ajabu, msaada ukatoka: ruzuku ya jimbo, yaani trekta kwa muda, mapipa ya dizeli ya kuiendesha, na mapipa ya buluu ya kuweka maji kando ya boma. Kazi ikakabidhiwa Ogle, mwenye duka na lori pale Habaswein, kwa kuwa alijua kuzungumza na wakubwa.

Warfa aliuzunguka uzio kwa miguu. Upande wa mbele, unaotazama barabara ya Wajir, mkuza ulikuwa safi, unapendeza macho. Kushoto na kulia uliendelea hadi pembeni. Hapo alama za magurudumu ya trekta zilipinda na kurudi zilikotoka. Upande wote wa nyuma, mizizi ya nyasi ilikuwa ingali ardhini, imeungua, na majivu yalifika hadi kwenye miiba ya boma. Jembe halikupita hapo hata mara moja. Pipa la maji hakuliona popote.

"Wamelima pa kuonyesha wageni tu," alisema sajini.

Warfa aliendelea kutembea. Damu ilikuwa imemchemka, na hakutaka kusema neno ambalo sajini angelazimika kuliandika.

Ng'ambo ya eneo lililoungua, upande ule upepo ulikotoka, ngamia dume wa mizigo alikuwa akitafuna kichaka kama kwamba hakuna lililotokea. Sajini alimwendea kwa ukarimu wa mtu wa bara. Ngamia akamnyakua mkono wa shati na kuuchana hadi kwenye kwapa.

"Mwache," Warfa alisema, akicheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Huyo hapokei salamu ya mgeni."

Kisha kicheko kikakatika. Shingoni mwa ngamia palikuwa na kamba ya kufungia miguu ya mbele, ile ambayo Wasomali huiita dabar. Ilikuwa nzima, imekunjwa na kuzungushwa vizuri, kama mfugaji anavyofanya anapomfungua mnyama ili aende zake.

Warfa aliiangalia kwa muda. Mtu anayekimbia moto hukata kamba kwa kisu. Shifta wangemchukua ngamia wa mizigo kabla ya kitu kingine chochote. Na mzee Nunow angemwacha amefungwa hadi amalize alilokuja kufanya, na aliyepigwa kwa nyuma hakupata nafasi ya kurudi kumfungua. Kuna mtu alikuwa na nafasi. Aliinama mbele ya mdomo wa mnyama huyu, akafungua fundo kwa vidole, asiumwe.

Mjane wa marehemu, Kinsi, alikuwa ameketi chini nje ya kibanda chake. Mikono yake ilikuwa na malengelenge. Warfa alimpa pole kwa Kisomali, akamwita eedo, shangazi, naye akamwitikia kama mtoto wa nyumbani. Alisimulia kwamba jana, Ijumaa, wanaume wakiwa kwenye sala ndani ya boma, moto uliingia kwenye miiba ya nyuma. Walikimbilia lango. Lilikuwa na kufuli, na askari mwenye ufunguo alikuwa amekwenda mjini. Wanawake wakalowesha ngozi na magunia kwa maji ya kunywa, wakaupiga moto hadi upepo ulipogeuka.

"Na mzee alikuwa wapi?"

"Alikuwa na kibali cha kwenda kisimani na ngamia. Alisema akirudi atapita nyuma, akague nyasi. Wageni wa jimbo walikuwa waje kuutazama mkuza, naye aliapa kuwatembeza nyuma kwa miguu yake."

"Ngamia yule mkali, eedo, nani humfunga na kumfungua?"

"Mume wangu peke yake. Mimi mwenyewe hunitemea mate."

"Alimlea tangu ndama?"

Kinsi alitikisa kichwa. "Hatukumlea sisi. Alikuja katika yarad, mahari ya binti yangu Rahmo. Aliyemlea ni mkwe wangu. Alimnywesha maziwa kwa mkono wake mama yake alipokufa. Siku ya kumtoa, Ogle alilia mbele za watu."

Alipolitamka jina hilo, Kinsi aliinua uso. Alimtazama Warfa, na Warfa akatazama chini. Mwanamke yule alikuwa ameelewa.

Duka la Ogle lilikuwa na milango mipya. Ilikuwa ya bati nene lililotokana na mapipa yaliyopasuliwa na kunyooshwa, na rangi ya buluu ya serikali haikukwanguliwa hata kidogo. Huu ulikuwa ujeuri wa mtu ambaye hajawahi kuulizwa swali. Nje lilisimama lori lake, linalokwenda Garissa na kurudi hata wiki ambazo wenzake walilala kwa kukosa dizeli.

Ogle alimkaribisha kwa chai ya maziwa. Warfa hakuigusa. Sajini alikaa na karatasi zake, na kwa ajili yake mahojiano yakafanywa kwa Kiswahili, ambacho Ogle alikizungumza akigeuza kila p kuwa b.

"Mzee Nunow alikuwa nani kwako?"

"Baba ya bibi yangu. Kama baba yangu, wallahi. Hiyo shifta Mungu atawalibisha."

"Mkuza uliumaliza?"

"Bande zote, afande. Hata Bwana DO amebita hapo, akasema kazi safi."

"Alipita mbele, kwa gari. Nyuma je?"

"Nyuma bia."

"Nyuma nimetoka sasa hivi. Nyasi zilikuwa hazijaguswa."

Ogle alikunywa chai yake. "Nyasi inaota, afande. Mimi sikatazi nyasi."

"Kiangazi hiki?"

Ogle alijiongezea chai.

"Jana saa ya sala ulikuwa wapi?"

"Msikitini, haba mjini."

"Mara ya mwisho kufika nyuma ya boma ni lini?"

"Tangu kazi kwisha sijarudi. Nitafuata nini kule?"

Warfa alivua kofia, akaiweka mezani. Sauti yake ikawa ya mtu anayeleta habari za msiba.

"Kuna jambo moja tu la kusikitisha, Ogle. Yule ngamia uliyemlea. Mzee alikuwa amemfunga kwenye nyasi. Tumemkuta ameungua, miguu ingali kwenye kamba. Ilibidi tummalize kwa risasi."

Kikombe kilitua vibaya, chai ikamwagika.

"Uongo," Ogle alisema. "Haiwezi kuungua. Kamba nilifungua mimi, nikaiweka shingo yake, nikamfukuza ubande wa ubebo."

Kalamu ya sajini ilisimama. Ogle alijisikia mwenyewe, akaanza kupangusa chai kwa kiganja. Alipangusa hadi meza ikakauka, na bado akaendelea.

"Ngamia ni mzima," Warfa alisema. "Anatafuna kichaka. Sasa niambie kuhusu mzee."

Ilichukua muda, kisha yote yakatoka. Dizeli ya mkuza iliingia kwenye lori. Trekta ilirudishwa ikiwa imelima mbele na pande mbili za ubavuni, na Ogle akamvisha Bwana DO kilemba cha ukoka hadi bwana akaandika kwamba kazi imekamilika bila kushuka garini. Alidhani mambo yamekwisha. Kisha zikaja habari za wageni wa jimbo. Nyasi za nyuma zikisimama, wangeziona. Zikiungua, nani angejua palilimwa au hapakulimwa? Shifta wangebebeshwa na hilo, kama walivyokuwa wakibebeshwa kila kitu. Basi Ijumaa alipita njia ya kinamasi na kiberiti.

Mzee Nunow alimkuta ameinama.

"Aliniambia nini, afande, unajua? Hakunitukana. Alisema, mkwe, kesho tunakwenda wote kwa wakubwa, utasema wewe mwenyewe, mimi nitasimama kando yako. Akageuka kwenda kwa ngamia." Ogle alilionyesha lori kwa kidevu. "Nilikuwa na hendeli ya lori."

Hendeli ilipatikana chini ya kiti cha lori, chuma cha kuwashia injini, na nywele zikiwa bado zimeganda kwenye ncha. Sajini aliifunga kwa kitambaa na kuandika: kielelezo namba moja.

Warfa alisimama mbele ya Ogle. Alitaka kumpiga, na alijua kwamba anataka, kwa hiyo akaiweka mikono yake nyuma.

"Ulimuua mtu aliyekupa binti yake. Kisha ukainama kumfungua ngamia."

"Ngamia haina kosa."

"Na watu waliokuwa ndani? Wanawake, watoto, mama mkwe wako? Ngamia ulimfungua. Lango hukulifungua."

Ogle aliinua uso. Hakukuwa na ujeuri tena machoni mwake. Alionekana kushangaa kweli kwa kuulizwa hivyo.

"Ufunguo wa lango ni wa serikali, afande. Si mimi niliyewafungia."

Warfa alimwashiria sajini amtie pingu. Alivaa kofia yake na kutoka.

Bwana DO aliisoma taarifa akiwa amesimama kando ya zizi ambamo mifugo ilikuwa imebanwa, ikilia kwa kiu. Alipofika mahali jina lake lilipotajwa, alirudia kusoma. Alisema taarifa ingefaa kufupishwa. Warfa akamwambia taarifa yote imekwisha kusomwa Garissa kwa redio ya polisi na nakala iko mfukoni mwa sajini, na kwamba kosa sasa lina mwenyewe. Bwana DO alikunja karatasi, akawaashiria askari wayaondoe magogo ya zizi. Hakuomba radhi kwa mtu, wala hakumtazama Kinsi, aliyesimama hatua chache kutoka kwake akiwa na mikono iliyofungwa vitambaa.

Warfa alikwenda moja kwa moja kwa askari wa lango.

"Ufunguo."

Askari alimtazama Bwana DO, kisha Warfa, akautoa. Warfa alifungua kufuli, akalisukuma lango hadi mwisho, akaweka jiwe chini yake lisirudi.

"Inspekta," Bwana DO aliita, "ufunguo huo una mahali pake."

"Naam, bwana. Ni mahakamani." Warfa aliutia kwenye bahasha, akamkabidhi sajini. "Andika: kielelezo namba mbili. Hauguswi mpaka kesi ya mauaji iishe."

"Na lango nitalifunga kwa ufunguo gani?"

"Sijui, bwana. Mimi ni mpelelezi tu."

Kinsi alikuwa wa kwanza kupita. Hakuaga mtu wala hakushukuru, na Warfa hakutarajia shukrani. Mjane alikuwa na panga begani, na nyuma yake walifuata wanawake wengine na wazee waliobaki wa kamati ya moto. Walizunguka hadi nyuma ya boma, mahali majivu yalipokoma na nyasi kavu zilipoanza tena. Hapo wakainama, wakaanza kukata.