Kijungu cha Vishimo Sita

Klementina alikuwa mfinyanzi. Kijiji chao kilikuwa kando ya barabara ya Matai. Asubuhi alichimba udongo bondeni. Akirudi aliuponda, akaulowesha, akaketi kibarazani kufinyanga. Mwanawe wa pekee, Mary, alikuwa na miaka miwili. Huyo alikuwa fundi wa kuharibu. Kila chungu kibichi alikitoboa kwa kidole, kisha akacheka.

"Mary! Nani atanunua chungu chenye ndui?" mama yake alimgombeza, huku naye akicheka.

Siku hizo biashara ya bidhaa za nje ilikuwa imefunguliwa. Maduka ya Majengo, mjini Sumbawanga, yalijaa ndoo za plastiki na sufuria za kung'aa. Vyungu vya Klementina vilikwenda sokoni na kurudi. Majirani walimtania, "Mfinyanzi hulia gaeni, Mama Mary!" Walitaka kusema kwamba mwenye kutengeneza vyombo vizuri, yeye mwenyewe hula kwenye kigae.

"Niacheni," alijibu. "Bora nile, hata kama ni gaeni."

Mvua zilipokuja, Mary akaanza kuharisha. Aliharisha mchana kutwa. Aliomba maji, akaomba tena. Klementina akachukua kikombe. Mama mkwe wake, bibi Dominika, akamshika mkono.

"Usimpe. Tumbo limefunguka. Ukimimina juu, yatatoka chini. Mnyime, litafunga."

Bibi Dominika hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mjukuu wake sana. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na mama yake, naye mama yake alifundishwa vivyo hivyo. Klementina akaweka kikombe chini.

Mary alilia bila machozi. Macho yake yakadidimia. Kulipopambazuka, baba yake, Isdori, alimpakia kwenye baiskeli pamoja na mama yake, wakakimbilia zahanati. Walipofika, mtoto alikuwa amekwisha kufariki.

Walimzika mvua ikinyesha. Tangu siku hiyo watu waliacha kumwita Mama Mary. Walimwita Klementina tu, kama vile hajazaa. Walidhani wanampunguzia uchungu. Hawakujua kuwa walikuwa wakimzika mtoto wake mara ya pili.

Kwa desturi ya wafinyanzi wa pale, mwenye msiba hagusi udongo mpaka matanga yaondolewe. Matanga yaliondolewa. Klementina hakugusa udongo.

Baada ya mavuno, nesi Scola wa zahanati aliwakusanya akina mama wa kijiji.

"Kuharisha kunamkausha mtoto," alisema. "Kinachomuua ni kukaukiwa maji. Kwa hiyo mpeni maji, tena mengi."

Akina mama walitazamana.

Nesi akaendelea. "Chemsheni maji, yapoe. Pima lita moja, yaani chupa mbili za bia. Tia sukari vijiko sita vya chai, na chumvi nusu kijiko cha chai. Kijiko kiwe sawasawa, kisiwe na mlima. Koroga, kisha onja. Yasizidi chumvi ya machozi. Mpe kidogo kidogo, kila anapoharisha. Kama ananyonya, aendelee kunyonya. Yakibaki mpaka kesho, mwaga, tengeneza mengine. Na mtoto akilegea, akishindwa kunywa, au akiharisha damu, mleteni zahanati upesi."

Bibi Dominika alisimama.

"Mwanangu nesi, kwa hiyo maji yangemponya?"

Nesi Scola aliinamisha kichwa. "Huwaponya wengi, bibi."

Bibi Dominika aliketi chini, akajifunika kitenge usoni. Klementina alitaka kumchukia. Alikuwa amejaribu kumchukia tangu siku ya mazishi. Hakuweza. Alimsogelea, akaketi kando yake, wakalia pamoja.

Njiani akina mama walianza kubishana. "Sukari sita." "Hapana, nusu!" Mke wa Ngeleja, waliyemwita Mama Sayi, alikuwa mgeni. Yeye na mumewe walikuwa wafugaji, wametoka Usukumani na ng'ombe wao. Kifipa hakukijua kabisa, na Kiswahili alikijua kidogo. Alimvuta Klementina nguo.

"Chumvi sita?" aliuliza.

Klementina alishtuka. Mama huyu alikuwa na mtoto mgongoni.

Alipofika nyumbani, alikwenda nyuma ya ghala. Alifunua gunia kuukuu. Chini yake kilikuwepo chungu kidogo kibichi, kimekauka na kupasuka. Ukingoni mwake kulikuwa na vishimo vya kidole cha Mary. Klementina alikipakata. Mfinyanzi hulia gaeni, ndivyo walivyomtania. Siku ile kweli alilia, na si kwa njaa. Alilia mpaka akachoka. Kisha akavipapasa vile vishimo, kimoja kimoja. Akachukua jembe, akaenda bondeni.

Alifinyanga kijungu. Kwa ndani alichora mstari wa kuonyesha lita moja. Kwa nje, ukingoni, alitoboa vishimo sita vya sukari. Upande wa pili alitoboa nusu kishimo cha chumvi. Alitumia kidole cha mwisho, kwa sababu ndicho kilichokaribia kidole cha Mary.

Alichoma vijungu kadhaa, akampelekea nesi kimoja. Nesi alimimina chupa mbili za maji. Maji yakapita mstari, yakamwagika.

"Hiki kidogo, dada," alisema nesi. "Maji yakipungua, chumvi inazidi. Chumvi ikizidi, inaweza kumuua mtoto."

Klementina alijipiga paji la uso. Uchungu ulikuwa umemsahaulisha jambo analolijua kila mfinyanzi: udongo husinyaa motoni. Alirudi nyumbani akavivunja vyote. Hakubakiza hata kimoja. Akafinyanga vingine vikubwa zaidi, akavipima baada ya kuvichoma, mpaka maji yalipofika kwenye mstari barabara.

Wafinyanzi wengine wakaja kusaidia. Walikuwa wamekwisha kukata tamaa kwa sababu ya plastiki. Walichoma vyungu pamoja, na nesi akawa anapima kila kijungu kabla hakijatoka. Wakati wa kuchoma, bibi Dominika alianza kuimba kwa sauti ya kizee:

"Sukari sita, chumvi nusu,
maji chupa mbili, mtoto anywe!"

"Mtoto anywe!" waliitikia wengine. Bibi aliimba huku machozi yakimtoka, wala hakuyafuta.

Klementina alimpelekea Mama Sayi kijungu. Alimwonyesha kijiko cha chai, akamlambisha sukari, akagusa vishimo sita. Alimlambisha chumvi, akagusa nusu kishimo. Mama Sayi alitikisa kichwa kukubali, akauliza nani alimfundisha kutoboa hivyo. "Mwanangu, Mary," alijibu Klementina. Nyimbo hazikuwa ngeni kwake. Baada ya muda mfupi aliuimba ule wimbo vizuri kuliko wenyeji.

Mvua zikarudi, na maradhi yakarudi nazo. Katika nyumba nyingi vijungu viliteremshwa. Mwaka ule watoto waliharisha, wakanywa, wakapona. Waliozidiwa walipelekwa zahanati mapema, wakinyweshwa maji yao njiani.

Siku moja Mama Sayi alikuja na kibuyu cha maziwa. Sayi alikuwa ameharisha siku nzima, akanyweshwa, akapona. Sasa alitembea mwenyewe, mzima na mtundu. Aliona chungu kibichi kibarazani. Kabla hajakamatwa, alikitoboa kwa kidole, akacheka.

"Aa, Sayi!" mama yake alimdaka. "Nisamehe, Mama Mary."

Bibi Dominika aliacha kupepeta ulezi. Klementina alifumba macho. Mwaka mzima hakuwa amelisikia jina lile.

"Niite tena," alisema.

"Mama Mary."

Klementina alikivuta kile chungu kifuani. Kishimo cha Sayi hakukiziba.