Barua Zilizolala Chini ya Godoro

Asubuhi Theopista aliuza ndizi za kupika sokoni Kariakoo. Mchana alirudi chumbani kwake kumpikia mwanawe, Kasmir. Mumewe, Onesphory, alikuwa mbali, Uganda, akisoma Makerere. Mwaka ulikuwa 1956, na msimu wa mitihani ulikuwa umefika.

Theopista hakujua kusoma. Barua za mumewe zilipitia duka la Abdulla, maana duka lilikuwa na sanduku la posta. Barua ya mwanzo karani wa duka aliisoma kwa sauti mbele ya wateja, tangu "ua la moyo wangu" hadi nukta ya mwisho. Lo! Mtaa mzima ukapata la kusema.

"Ua la moyo, ndizi leo bei gani?" watu walimtania sokoni.

Theopista aliona haya, akaapa kwamba hakuna atakayesoma tena siri za nyumba yake. Barua mbili zilizofuata alizilaza chini ya godoro bila kuzifungua. Eti mwenyewe akirudi atazisoma! Na mwenyewe huko anangoja jibu.

Alhamisi moja Abdulla alimwita.

"Mama Kasmir, barua nyingine hii. Ya tatu tangu mwezi uanze. Huko kwa mumeo kwema kweli?"

Theopista akaipokea, akakimbia nyumbani. Alizichukua zile mbili za chini ya godoro, akaenda kwa jirani yake Hyasinta, aliyefundisha akina mama kusoma.

"Hodi, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo?"

Theopista akamweleza yote. Hyasinta alifunga mlango kwanza, kisha akasoma kwa sauti ndogo. Katika barua mbili Onesphory aliulizia homa aliyomwacha nayo mtoto alipoondoka. Ya tatu ilikuwa fupi: "Usingizi sipati. Nisiposikia neno lako kufikia Jumamosi, naacha mtihani, narudi nyumbani."

"Mungu wangu! Mtoto alipona zamani!" Theopista akalia. "Masomo yote yale yapotee kwa sababu ya aibu yangu?"

"Machozi hayafiki Kampala," Hyasinta alisema. "Barua nayo itachelewa. Twende posta tupeleke telegramu. Hiyo hupita kwenye waya, hufika upesi. Ila iwe na maneno machache."

"Nianze na salamu za shangazi zake?"

"Hebu waache shangazi!"

Wakapeleka hivi: KASMIR AMEPONA. SOTE WAZIMA. MALIZA MTIHANI. THEOPISTA.

Walipokuwa wakirudi, Hyasinta alisema, "Siri ya barua haitunzwi kwa kuifungia. Jifunze kusoma. Mpaka utakapojua, chagua mtu mmoja mwaminifu akusomee faragha. Na ujibu mapema."

Jumatatu Theopista aliketi darasani. Mkono uliozoea kubeba mikungu ya ndizi ulivunja penseli mbili siku ya kwanza. Hakuacha. Naye Onesphory alimaliza mtihani wake, akafaulu, akaendelea na masomo.

Miezi sita ikapita, barua ikaja. Theopista aliifungua palepale dukani, akaisoma mwenyewe, taratibu, kidole kikifuata mstari. Alipofika katikati alifunika mdomo kwa kanga, akacheka.

Karani akanyoosha shingo. "Kasemaje, mama?"

Theopista akaikunja barua.

"Anawasalimu wote."