Nyundo ya Ghorofa ya Juu

Kila asubuhi Redio alimsubiri mama yake na beseni la maji ya moto. Mama alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku, na akirudi nyumbani alikuwa hoi, miguu imevimba. Alivua viatu mlangoni, akatumbukiza miguu kwenye beseni, akafumba macho hapo hapo kwenye kiti. Redio alimwekea chai na mkate. Jina lake la shuleni lilikuwa jingine kabisa, lakini jengo zima walimwita Redio kwa sababu mdomo wake haukuwa na kitufe cha kuzimia. Ila mama akilala, msichana huyo alinyamaza kabisa. Ilikuwa likizo, na kazi yake kubwa ilikuwa kuulinda usingizi wa mama. Mlango aliufunga polepole, na vyombo aliviosha kimoja kimoja visigongane.

Tabu ilikuwa juu. Ghorofa ya juu alikuwa amehamia fundi viatu na binti yake mdogo. Walitoka nchi ya mbali, na rangi ya ngozi yao haikufanana na ya wapangaji wengine. Fundi alifanyia kazi chumbani kwake, moja kwa moja juu ya kitanda cha mama. Mama akijifunika shuka tu, nyundo inaanza. Ko, ko, ko! Ikitulia, mama akapata lepe la usingizi, inaanza upya. Ko, ko, ko!

Mwanzoni mama alisema, "Atamaliza tu." Baadaye akawa anajifunika mto kichwani. Mwishowe uvumilivu ukamwishia.

"Watu wa rangi ile ndivyo walivyo," alisema asubuhi moja, huku akikoroga chai bila hamu. "Hawajui kuishi na wenzao."

Redio aliyasikia maneno hayo, nayo yakamkaa.

Siku iliyofuata mama aliporudi hakugusa maji wala chai. Alikaa na sare yake, mikono imelegea magotini.

"Nusura nimpe mgonjwa dawa ya mwenzake," alisema. "Macho yalikuwa wazi lakini sioni. Mkuu wa wodi ndiye aliyenishika mkono. Ameniambia nikirudia, kazi sina."

"Atakufukuza, mama?"

"Afanyeje, mwanangu? Angoje niue mtu?"

Akaenda kulala na sare ile ile. Hata hajageuka upande wa pili, juu nyundo ikalia. Ko, ko, ko!

Lo! Redio alipandwa na hasira. Alipanda ngazi mbio, akagonga mlango kwa ngumi. Fundi alifungua, nyundo mkononi, harufu kali ya gundi ikatoka naye. Hata shikamoo hakupewa.

"Mama yangu hawezi kulala kwa kelele zenu!" Redio alifoka. "Lakini watu wa rangi yenu ndivyo mlivyo! Hamjui kuishi na wenzenu, na mnanuka!"

Nyuma ya fundi, binti yake alikuwa sakafuni akipanga misumari kwenye kopo. Mikono yake ikasimama. Fundi alimtazama kwanza mwanawe, kisha akamtazama Redio, halafu akafunga mlango polepole. Nyundo ikanyamaza. Redio akateremka kifua mbele, akijiona shujaa aliyemwokoa mama yake.

Jioni mama alikuwa akichana nywele aende kazini waliposikia hodi. Alikuwa fundi.

"Karibu, fundi. Keti."

"Siketi, dada. Nina swali moja tu. Maneno aliyoniambia mwanao mbele ya binti yangu, ndiyo maneno ya nyumba hii?"

Mama akamgeukia Redio. "Umemwambia nini?"

"Nimemwambia anapiga kelele! Na ni kweli!"

"Na nini tena?"

Redio akarudia yote, sauti ikizidi kushuka mpaka lile la kunuka likasikika kwa shida.

"Nani kakufundisha kumsema mtu hivyo?"

"Wewe, mama. La rangi ulilisema hapo mezani."

Mama aliweka kitana chini, akakaa. Aibu ilimjaa hata akashindwa kumtazama mgeni usoni.

"Ni kweli, fundi," alisema. "Yametoka kinywani mwangu. Nilikuwa nimechoka, lakini uchovu haunipi ruhusa ya kuitukana ngozi ya mtu. Nisamehe."

Fundi alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekwisha kuyasikia hayo sehemu nyingi. "Kwa hiyo hizo kelele ni kisingizio. Hamtutaki, basi. Jengo tulilotoka walianza hivi hivi."

Ingekuwa rahisi mama kunyamaza hapo, kwa vile alijua kosa lake. Lakini usiku ulikuwa unamngoja, na wagonjwa pia.

"Hapana, hapo nakukatalia," alisema. "La rangi ni ubaguzi. Ni kosa letu, na nimeomba radhi. La nyundo ni jambo jingine. Hata angekuwa kaka yangu wa tumbo moja anayegonga juu ya kichwa changu nikitoka zamu ya usiku, ningempandia huko juu. Jana usiku nusura nimpe mgonjwa dawa isiyo yake."

Fundi aliitazama sare ya mama. "Unafanya kazi usiku?"

"Kila usiku."

"Wallahi sikujua. Hakuna aliyeniambia."

"Nilipaswa kukuambia mapema. Badala yake nikakaa hapa nikikusengenya."

Fundi alijikuna kidevu. "Asubuhi naweza kukata ngozi na kupaka gundi. Misumari nitapigilia ukiamka. Kukiwa na kazi ya haraka, nitaweka gunia chini ya chuma changu cha kugongea viatu."

Kisha akamwinamia Redio. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka, amechoka kuliko hata mama.

"Unasema nanuka. Ni gundi ile. Nikiambiwa gundi, nitafungua dirisha. Nikiambiwa nyundo, nitabadilisha saa. Sasa ngozi hii niipeleke wapi?"

Machozi yakamtoka Redio. "Nisamehe, fundi."

"Mimi nimekusamehe. Aliyelia mchana kutwa yuko juu."

Ngazi zile zile Redio alizipanda kama amebeba gunia la mawe. Alimwomba radhi yule mtoto, naye alimsikiliza bila kumtazama, kisha akarudi kwenye kopo lake la misumari. Redio aliporudi, mama alikuwa akifunga kamba za viatu.

"Hakunijibu, mama."

"Humdai jibu. Mpe muda." Mama alisimama kwa kujikongoja. "Mtu akikukosea, mwambie alichofanya. Alichozaliwa nacho kiache. Na siku nyingine ukinisikia mimi nateleza, nikataze, usinibebee maneno yangu kuyapeleka kwa watu."

Asubuhi iliyofuata mama alilala fofofo. Kulikuwa kimya. Baadaye tu, kwa mbali, nyundo ikasikika mara chache, ikakoma. Muda si muda mlango ukagongwa kwa ukucha. Redio alifungua, akamkuta fundi amevua viatu, anaongea kwa kunong'ona.

"Nilikuwa na kazi ya haraka, nimeweka gunia. Inasikika huku chini?"

Redio alisita. Aliogopa kwamba akisema ndiyo, ataonekana mbaguzi tena.

"Sema tu, mwanangu."

"Shikamoo, fundi. Inasikika kidogo. Upande wa kitanda."

"Marahaba. Basi nitaongeza gunia la pili na kusogea dirishani." Fundi akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Umeona? Hilo uliloniambia leo naweza kulirekebisha. Uwe unaniambia hivyo."