Kigoda cha Baba Mkwe

Kigoda ndicho kilichowakutanisha. Ilikuwa mwaka 1951, sokoni Temeke, watu wamejaa kama siafu. Felicitas akakalia kigoda ambacho gundi yake haijakauka, mguu ukachomoka, akaanguka chali na sare yake nyeupe ya uuguzi ikala vumbi.

"Fundi, unauza vigoda au mitego?"

"Hicho kilikuwa kinamngoja mwenyewe," Gaudens, seremala aliyekiunda, akajibu, akimpa mkono. "Sasa kimempata."

Mwaka mzima walipendana kwelikweli, wakionana kila Jumapili baada ya misa, mpaka mitihani ilipokaribia na masista wa Kitaliano wakataka kulifunga geti la shule yao ya uuguzi kule Kinondoni, wasichana wasitoke mpaka mahafali. Siku ya mwisho ya kuonana, Felicitas hakucheka.

"Baba anakuja kutoka Bukoba siku ya mahafali. Kuna mwalimu huko, Didas, ameshapeleka posa. Baba kasema fundi wangu ajitokeze siku hiyohiyo amwone. La sivyo, naondoka naye kwa treni ya siku hiyo."

"Mahafali lini?"

"Bado hawajatuambia. Uje uulize getini, mpenzi. Usipokuja, Gau, mie nimekwisha."

Gaudens hakuwa na shaka. Alipokwenda kuuliza, sista wa getini alikuwa mgeni, Kiswahili hakijui, lakini Gaudens wakati wa vita alipika jiko moja na mateka wa Kitaliano kambini Tabora. Mateka yule alimfundisha lugha yake, na kwa kumrahisishia, saa alizihesabu kama tunavyozihesabu sisi.

"Suora, quando è la cerimonia dei diplomi?" akauliza, yaani mahafali ni lini.

Sista, kusikia lugha ya kwao kinywani mwa seremala wa Temeke, nusura alie kwa furaha. "Sabato, alle dieci!"

Jumamosi, kumi. Gaudens akashukuru, akarudi Temeke akipiga mluzi.

Jumamosi akakipiga msasa kigoda kipya cha kumzawadia baba mkwe mpaka kikang'aa. Akavaa suti ya kuazima na viatu vinavyobana. Saa tisa alasiri alikuwa getini, kigoda kwapani.

Uwanja ulikuwa mtupu. Mama mmoja mfagizi, Mauwa, alikuwa akiokota maua ya karatasi.

"Shikamoo, mama. Watu hawajafika?"

"Marahaba. Watu gani tena, mwanangu? Mahafali yalianza saa nne asubuhi, yakaisha."

"Sista aliniambia kumi!"

Sista akasikia kelele, akatoka, na Gaudens akamuuliza tena kwa Kitaliano. Akanyoosha vidole vyote kumi, kisha akaelekeza mkono mashariki, jua linakochomoza. Hapo Gaudens akaelewa. Kumi yao ya asubuhi ndiyo nne yetu. Ajali haina kinga.

Mauwa akamtazama kwa huruma. "Kumbe ndiwe fundi? Binti wa watu alikuwekea kiti, akakifunika leso yake, kila anayetaka kukaa anamfukuza. Hata cheti alikipokea macho yakiwa getini. Baba yake alipomshika mkono waende stesheni kuwahi treni ya saa nane, akaniambia, 'Akija, mwambie asiniandikie. Anayetaka kuja huja.'"

Kiti kilikuwa bado pale mstari wa mbele, leso juu yake. Gaudens hakuthubutu kukikalia. Akaweka kigoda chini mchangani, kando yake, na machozi yakamtoka mbele ya wanawake wale wawili.

"Lakini nimewahi, mama," akasema. "Mie nimewahi saa nzima."