Bigwa Kwao, Kingolwira Kwetu

"Wifi, funguo."

Hivyo tu. Bila hata kuniangalia usoni...

Nilikuwa nimetoka eda asubuhi ile ile, jamani. Nywele zangu hazijakauka maji. Doti ya khanga niliyovaa alininunulia yeye mwenyewe, Mwaisha, dada wa marehemu mume wangu. Yeye ndiye aliyenisugua mgongo, yeye ndiye aliyenifuta machozi.

Halafu huyo huyo akanyoosha mkono.

"Funguo za nini, wifi?"

"Za nyumba. Hamza anahamia."

Hamza ni mwanawe wa kwanza. Mtu mzima, ana mke.

Nikacheka. Nilidhani anatania ili anichangamshe. Nikageuka sebuleni, nikamwona mjomba wa mume wangu amekaa na wazee wengine wa ukoo. Hakuna aliyecheka.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo mnielewe.

Naitwa Mwanahawa. Mume wangu Yunusi alikuwa fundi magari. Tulipanga Mwembesongo, hapa Morogoro mjini, miaka mingi, chumba na sebule, choo tunashea na wapangaji wengine. Tukajibana mpaka tukaona sasa tunaweza kuwa na kwetu, sisi na watoto wetu wawili.

Hapo ndipo tulipoanza kuvutana.

Yunusi alitaka Kingolwira. Mzee Bartholomeo, mstaafu mmoja, alikuwa anarudi kwao Songea na anauza nyumba. Nyumba yenyewe ndogo, bati limechoka, jua linakukaanga mchana kutwa. Ila ina hati.

Mimi nilitaka Bigwa. Ni jirani tu na Kingolwira, lakini ukifika mwili wenyewe unajua umefika. Mlima uko mgongoni, jioni kuna kibaridi cha kujifunika shuka. Na kiwanja kilikuwa cha bure! Ukoo wa mama yake Yunusi una ardhi pale, na Mwaisha alinipigia simu kila kukicha.

"Wifi, mnunue kibanda cha mtu na ardhi ya kwetu ipo? Njooni tukae pamoja. Watoto wakue na shangazi yao."

Kiwanja bure, akiba yote iingie kwenye matofali. Nani angekataa?

Yunusi alikataa. Kila nikigusia Bigwa anabadilisha mada. Siku moja nikambana.

"Niambie sababu."

"Bigwa ni kwetu, mama Asha. Siyo kwako."

Lile neno liliniingia vibaya. Nimemzalia, nimekula naye ugali mkavu, leo naambiwa siyo kwangu? Nikalia. Nikanuna. Ndani ya nyumba tukawa tunasemeshana kupitia watoto.

Yunusi hakuwa mtu wa kufafanua mambo. Mwisho akasema basi, tujenge Bigwa.

Tukajenga. Vyumba vitatu, sebule ya marumaru, baraza inayotazama mlima. Nikapost picha, na wengine wenu humu mliniandikia hongera. Nilizisoma zote.

Mwaka haukuisha. Presha ilimpandia akiwa gereji. Wakamkimbiza hospitali, akanifia njiani...

Sasa turudi sebuleni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

"Mnanifukuza?"

"Hatukufukuzi. Ardhi hii ni ya ukoo wa mama zetu. Yunusi alikaa hapa kwa kuwa ni mtoto wa ukoo. Hamza ni mpwa wake, ndiye aliyerithi jina na nafasi yake. Na mahali pake ni hapa."

"Na wanangu? Si watoto wa Yunusi?"

"Ni watoto wa Yunusi. Lakini ukoo wao ni wako wewe. Wana kwao, kwa mama yao."

"Tulijenga mimi na yeye, mjomba. Jasho letu."

"Hatubishi. Nyumba ni yenu, ardhi ndiyo yetu. Kama mnaweza kuibeba, ibebeni."

Alisema kwa upole kabisa. Bora angenitukana.

Mimi mwenyewe ni Mluguru, kwetu ukoo unafuata mama. Mila hizi nimezisikia tangu mdogo. Lakini nimekulia mjini, nikadhani ni mambo ya kule juu milimani, ya mashamba ya migomba. Sikudhani siku moja zitavaa kofia na kukaa kwenye kochi langu.

Najua mtaniandikia mahakama ipo. Ipo. Ila mkononi sina karatasi hata moja, na wakati ule hata nguvu ya kusimama sikuwa nayo.

Nikiwa nafunga mabegi nikamuuliza Mwaisha.

"Ulijua?"

Akakunja khanga yangu moja, akaitia begini.

"Sikujua atakufa, wifi. Wallahi. Nilidhani mtazeeka humu. Lakini nilijua ikitokea, itabaki kwetu. Na Hamza hana pa kukaa."

Akalia. Na mimi nikalia. Kisha nikampa funguo zake.

Nikawachukua wanangu tukapanda kijijini kwetu Mkuyuni, kwa mjomba wangu Kibwana. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Usilie, mwanangu. Wewe shida ya nyumba huna. Nyumba ya marehemu kaka yako ipo pale, kwenye ardhi ya ukoo wetu. Ni yako na wanao."

"Si anakaa Hafidha?"

Hafidha ni mjane wa kaka yangu Abdulatif.

"Tulimwachia kwa kuwa hakuna aliyeihitaji. Sasa mwenyewe umekuja. Kesho namwambia ahame."

Sitawadanganya, wapendwa. Moyo uliruka kwa furaha. Nilishaanza kugawa vyumba kichwani, huku cha Asha, huku cha mdogo wake...

Ndipo nikaiona ile doti ya khanga mwilini mwangu. Nikajua kesho ni nani atakayenyoosha mkono.

"Usimwambie, mjomba. Nitakwenda mwenyewe."

Hafidha alifungua mlango, akatuona na mabegi. Nyuma yake, masufuria yalikuwa yameshafungwa kwenye shuka.

"Karibu, wifi. Habari za Bigwa zilinifikia. Nilijua utakuja, vyombo nimefunga. Naomba tu mwanangu amalize mtihani wa darasa la saba, ndiyo tuondoke."

"Hafidha, fungua vyombo."

"Unasemaje?"

"Nimekuja kukuomba chumba. Kimoja tu, mimi na wanangu."

Akakaa pale pale kizingitini.

"Unaniomba mimi?"

"Wewe ndiye mwenye nyumba, wifi."

Leo tunaishi pamoja, wajane wawili na watoto wao. Ukoo wangu umeninunia. Mjomba Kibwana hapokei simu zangu, anawaambia watu nimetupa haki ya wanangu. Kuna siku nawaza huenda kweli. Na Yunusi namkumbuka kila siku, na siku nyingine nashindwa hata kula.

Dada yangu unayetafuta pa kujenga, kabla hujapenda upepo na maji ya mahali, uliza ardhi ni ya nani siku mumeo akiondoka. Ukinuniwa kwa swali hilo, nuniwa.

Na wewe ambaye mila imekupa haki ya kubisha hodi, kabla hujabisha, jiulize ni nani yuko ndani anafunga vyombo.