Chaji ya Kupanda Tambach

Kila Ijumaa jioni nyumbani kwao Yamumbi, Eldoret, Chelimo aliosha vyombo, akapiga deki sebuleni, kisha akapiga pasi sare yake ya kwaya. Jumamosi moja asubuhi, yeye na Baba walikuwa na safari ya Bonde la Kerio kumchukua Kogo, nyanya yake. Mtoto wa jicho alikuwa amemzibia Kogo macho yote mawili. Daktari wa Eldoret alikuwa amempa nafasi ya upasuaji saa nane mchana siku hiyo, nafasi waliyoingoja miezi minne.

Baba alipowasha gari lake la umeme, alikunja uso.

"Asilimia hamsini na nane tu? Si nilichomeka chaja jana?"

Chelimo alikumbuka papo hapo. Jana alichomoa chaja ili achomeke pasi, akasahau kuirudisha.

"Stima ilipotea usiku, Baba," alisema haraka.

Baba aliamini. Nani Eldoret hajawahi kupotelewa na stima?

Walipita Iten, wakaanza kuteremka. Walipofika Tambach, Baba alipunguza mwendo karibu na nyumba ya rafiki yake, Mwalimu Kigen.

"Ningechaji hapa tukirudi, lakini laini ya stima ni moja na yetu; ikipotea kwetu, huku nako hukosekana siku nzima," alisema. "Tutajikaza tu."

Chelimo alitazama nje. Alitaka kusema, lakini kila kona waliyopita ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi.

Bondeni jua lilikuwa kali. Kogo aliwangoja akiwa na kibuyu cha maziwa ya mursik na gunia zima la wimbi.

"Kogo, hili gunia ni la nini?" Baba aliuliza.

"La daktari. Nitaendaje kwa mtu mikono mitupu?"

Nani angebishana na Kogo? Gunia lilipakiwa, wakaanza kupanda. Mlima ulikula chaji, kiyoyozi nacho kikala chake. Thelathini na moja. Ishirini na nne. Baba alizima kiyoyozi, joto likawavamia. Chelimo hakutulia. Alichungulia namba, akaketi, akauma kucha, akachungulia tena. Kumi na saba. Kumi na nne.

Baba alisimamisha gari kando ya barabara.

"Tambach tutafika, Iten hatufiki. Na stima hakuna. Siwezi kukwama mlimani na mgonjwa kwenye jua hili. Turudi bondeni, nimwombe daktari siku nyingine."

Kogo aliguna. "Basi turudi. Giza nimeshalizoea."

Chelimo alishindwa kuvumilia. "Usirudi, Baba! Stima haikupotea. Nilichomoa chaja nikapiga pasi, nikasahau. Nilikudanganya!"

Baba alichukua simu, akapiga. "Mwalimu Kigen, stima iko? Iko? Basi tunakuja kuchaji."

Walifika kwake saa nne wakiwa na asilimia tisa. Walichaji saa mbili. Mke wa Mwalimu alileta chai, lakini ya Chelimo ilipoa mezani. Kila baada ya dakika chache alitoka kuangalia namba. Saa saba na nusu walimfikisha Kogo hospitalini.

Kogo alipoingizwa ndani, Baba aliketi karibu na binti yake.

"Kusahau chaja ni jambo dogo, hata mimi husahau," alisema. "Lakini nilipanga safari yote kwa kuamini neno lako. Ulipodanganya, aliyekaribia kuumia ni Kogo, ambaye hakukukosea kitu. Ukikosea, sema mapema, tungali na nafasi ya kurekebisha."

"Nisamehe, Baba. Sitarudia."

Kesho yake daktari alifungua bandeji ya jicho la kulia. Kogo alipepesa, akamtazama Chelimo kutoka kichwani hadi miguuni.

"Kumbe umerefuka hivi! Mbona unalia?"

"Nimefurahi, Kogo," Chelimo alisema, na safari hii ilikuwa kweli tupu.