Mwenye Wivu Nyumbani kwa Oloo

Kabla Wendy hajazaliwa, nyumbani kwa Oloo na mkewe Nanjala, pale Makadara, kulikuwa na mbwa aliyeitwa Kipenzi. Nanjala ndiye aliyempa jina hilo. Oloo akiwa kazini bandarini, mbwa huyo ndiye aliyeshinda naye uani. Nanjala alifua na kupika huku akimsimulia habari za mtaa kama shoga yake.

Basi mtoto akaja, na Kipenzi akabadilika. Kila Nanjala alipomnyanyua Wendy amnyonyeshe, mbwa alitoka mbio uani akarukia kitanda. Siku moja kucha zake zilikwaruza nepi ya mtoto. Nanjala alipiga yowe, akamtandika ndara ya mgongo.

"Kipenzi, toka!"

Jioni alimwambia mumewe, "Baba Wendy, huyu mbwa ana wivu. Atamuuma mtoto. Mpeleke stendi ya Mwembe Tayari, aende kwa ndugu yako kijijini."

"Mbwa apande basi?" Oloo alijaribu kucheka.

"Jumamosi simtaki hapa," Nanjala alisema. Machozi yalimlengalenga, maana naye alimpenda sana.

Kesho yake jirani yao Fadhiya, daktari wa mifugo, alikuja kumtazama mzazi. Alileta chupa ya uji wa pilipili manga.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, Bi Fadhiya."

"Mzazi hujambo? Na mwana?"

"Sote wazima, twashukuru."

Kipenzi alimsogelea mgeni akitikisa mkia. Fadhiya akakunja buibui lake haraka.

"We Kipenzi, nina udhu wangu! Tuamkiane kwa mbali."

Nanjala alimweleza masaibu yake yote. Kabla hajamaliza, Wendy alilia. Nanjala akamnyanyua.

"Njoo, kipenzi changu, njoo!"

Mbwa huyo, mbio hadi chumbani! Oloo, ambaye siku hiyo hakwenda kazini, alimdaka shingoni mlangoni. Fadhiya alicheka mpaka akakaa chini.

"Nanjala, huyu hana wivu. Ana utii! Wamwita, akija wampiga. Sasa afanye nini, maskini?"

Nanjala alishika mdomo. Kumbe majina yalikuwa yamegongana, na yeye ndiye aliyeyagonganisha.

"Mwana ana jina lake, mwite Wendy," Fadhiya alisema. "Lakini hatari bado ipo. Mbwa hata awe mpole vipi, haachwi peke yake na mtoto mchanga, hata kama waenda kuepua chungu tu. Mtandikie gunia lake mbali na kitanda. Mpe nguo ya mtoto anuse, aizoee harufu."

"Na ndara?"

"Vaa mguuni! Ukimpiga kila mtoto akiwepo, ataona mtoto ndiye amleteaye kipigo. Hapo ndipo atamchukia. Akitulia, msifu, mpe kinofu cha nyama. Akinguruma au akikaza mwili, mtoe mtoto polepole, kisha uniite."

Halafu akauliza, "Chanjo ya kichaa cha mbwa, je?"

Oloo alitazama sakafu. "Tuliisahau, kwa pilkapilka za uzazi."

"Basi kesho mlete, apate na dawa ya minyoo. Nanyi mkimshika, naweni kwa sabuni kabla hamjamgusa mtoto."

Wakafanya hivyo. Ulimi wa Nanjala uliteleza mara nyingi, na kila ulipoteleza Kipenzi alisimamisha masikio. Oloo alianza tena kumtembeza mbwa jioni kama zamani. Jumamosi ikapita, na nyingine, wala hakuna aliyetaja basi tena.

Wakati huo Wendy alikuwa bado hajacheka. Oloo alikuwa akihangaika. Alikunja uso, akatoa ulimi, akavaa sufuria kichwani. Mtoto alimkodolea macho tu.

Asubuhi moja Nanjala alikuwa amempakata mtoto. Kipenzi alikuwa kwenye gunia lake. Vumbi likamwingia puani, akapiga chafya kubwa mpaka masikio yakapiga makofi.

Wendy akacheka. Akacheka kwa sauti, miguu juu.

Nanjala alimgeukia mumewe. Oloo alikuwa amesimama na sufuria yake, kanuna.

"Haya," Nanjala alisema, "mwenye wivu tumempata."